Kocha Asema Mgongo Wangu Ndio Unaonikosesha Mechi

Daktari, habari ya kazi?

Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Nacheza winga ya kulia kwenye timu ya mtaa katika ligi ya chini ya kaunti. Kazi yangu ni kupakua viazi Soko la Wakulima. Lori za kutoka Molo zikiingia alfajiri mimi huwa nishafika, na magunia nayaweka bega la kulia kwa sababu la kushoto silizoei. Jioni naenda mazoezi.

Msimu huu nimechanika msuli wa nyuma ya paja la kulia mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nakimbizana na beki niufikie mpira kabla haujatoka, nikasikia kitu kimekatika. Nikapumzika kama wiki mbili, maumivu yakaisha, nikarudi. Haikuchukua muda nikachanika palepale. Sasa hivi paja limetulia lakini kinena nacho kimeanza, hasa nikipiga krosi. Halafu kuna kiuno. Mwaka jana kilinikamata nikashindwa hata kuinama kufunga viatu, lakini kikaisha chenyewe.

Kocha aliniambia nivue jezi, akanisimamisha kando ya goli na kuwaita wenzangu waone. Akasema mgongo wangu umebonyea sana kiunoni na makalio yametokeza nyuma, ndio maana nachanika. Amenipa siti-apu mia mbili kila siku na kuniambia nitafute mkanda wa kiuno. Binamu yangu aliye chuo naye anasema kuna utafiti wa Australia ulioonyesha kwamba wachezaji wenye misuli midogo ya mgongo ndio wanaoumia, kwa hiyo nichange pesa nifanyiwe MRI nipimwe. Mama anataka niache magunia kabisa. Nikiacha, kodi ya nyumba italipwa na nani?

Januari, yaani miezi mitatu ijayo, kuna majaribio ya klabu kubwa kidogo na nimeambiwa nifike. Je, mgongo uliobonyea unaweza kunyooshwa? Nifanye hiyo MRI? Na magunia je?

Winga wa Kaptembwo

---

Mdogo wangu, pole. Na asante kwa kueleza kirefu. Wengi huniandikia "mguu unauma, nifanyeje" halafu mimi nabaki kubahatisha.

Kocha ametazama mgongo, binamu ametazama misuli, mama ametazama magunia, na kila mmoja ana chembe ya ukweli. Ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza ulirudi uwanjani vipi. Mimi ningeanzia hapo. Katika mambo yote yaliyopimwa kutafuta ni mchezaji gani atachanika msuli wa nyuma ya paja, linalojitokeza tena na tena ni hili: yule aliyewahi kuchanika. Wewe ulisubiri maumivu yaishe, yakaisha, ukavaa jezi. Lakini maumivu kuisha maana yake ni kwamba unaweza kutembea, kupanda matatu na kupasiana mpira mkiwa mmesimama. Msuli huo huchanika zaidi mtu akiwa kwenye mbio za kasi kabisa, mguu umetupwa mbele na unyayo bado haujagusa chini. Hapo msuli unavutwa huku wenyewe ukikaza kuuzuia mguu usiende mbali zaidi. Jogi ya kuzunguka uwanja haiufikishi hapo. Kwa hiyo mara ya kwanza ulipoutaka ufanye kazi hiyo baada ya kuumia, ulikuwa ndani ya mechi, na beki yuko mgongoni.

Sasa tuje kwa kocha. Nitamtetea kwanza. Msuli wa nyuma ya paja umeshikana juu na ule mfupa unaokalia. Fupanyonga likiinamia mbele, kiuno hubonyea, mfupa ule hupanda, na msuli unakuwa umeshavutwa kidogo hata kabla hujakimbia. Kwa hiyo mantiki anayo. Tatizo ni kwamba alikutazama ukiwa umesimama kando ya goli, na hakuna anayechanika akiwa amesimama kando ya goli. Umbo la mgongo wa mtu aliyetulia halisemi sana jinsi nyonga yake itakavyokwenda akiwa kasi, dakika ya themanini, amechoka. Migongo ya watu inatofautiana mno. Wapo wakimbiaji wa kasi wenye mbonyeo kama wako au kuuzidi, na mbonyeo huo hauwazuii. Tafiti zilizojaribu kuunganisha umbo la kusimama na majeraha ya soka zimetoa majibu yanayogongana.

Jibu la swali lako la kwanza basi ni hapana: mgongo wako hauhitaji kunyooshwa, wala usianze kutembea mjini umebana tumbo na kukaza makalio ili uonekane umenyooka. Utajichosha bure na kiuno kitakakamaa. Mkanda pia acha. Hela hiyo nunulia mayai na maharagwe.

Lakini usitupe habari ya mgongo yote, kwa sababu binamu yako hakudanganya. Amekuletea nusu tu. Utafiti anaousema ni wa Julie Hides, mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia, na wenzake. Walipiga picha za MRI za misuli ya kiwiliwili ya wachezaji wa kulipwa, wakafuatilia nani ataumia. Msuli waliouangalia sana unaitwa multifidasi. Ni msuli mfupi mnene uliolala kando kabisa ya uti wa mgongo, kila upande, unaounganisha pingili na pingili na kuzizuia zisicheze ovyo. Waliokuwa na multifidasi ndogo pale chini kabisa kiunoni ndio waliokuwa na majeraha zaidi ya nyonga, kinena na paja. Baadaye, katika kazi iliyochapishwa 2012, wachezaji walifundishwa kuuamsha msuli huo huku wakiutazama kwenye skrini ya altrasaundi, na waliopata mafunzo hayo walikosa mechi chache zaidi kuliko ambao hawajapata.

Nusu ambayo binamu hakukuletea ni kwamba hao hawakuwa wachezaji wa soka letu. Ni kandanda la Kiaustralia: mpira wenye umbo la yai, uwanja wa duaradufu, watu 18 kila upande, mikono ruksa, na kugongana kwingi. Tena walikuwa wachache, wa kulipwa, wenye madaktari wao. Mimi nauchukua utafiti huo kama kidole kinachoelekeza mahali pa kutazama. Siuchukui kama kipimo cha kumwambia winga wa Nakuru "wewe utaumia, wewe hutaumia".

Kuna jingine walilogundua ambalo nadhani litakutuliza. Kwa wachezaji hao, msuli wa ndani unaoinua paja ulikuwa mkubwa zaidi upande wa mguu wa kupigia, na msuli wa ubavuni mwa kiuno ulikuwa mkubwa zaidi upande wa pili. Ni kazi ya kupiga mpira maelfu ya mara ndiyo iliyowajenga hivyo, na kutolingana huko hakukuhusiana na idadi ya majeraha yao. Wewe unapiga kwa kulia na unabeba kwa kulia. Ningeshangaa kama pande zako mbili zingekuwa sawa. Mtu akikwambia mwili wako umeenda upande na anaweza kuusawazisha kwa malipo, mpe pole na uende zako.

Kilichonifanya nisome barua yako mara mbili ni kile kiuno cha mwaka jana ambacho "kikaisha chenyewe". Hides na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya watu wa kawaida walioumwa kiuno kwa mara ya kwanza. Maumivu yaliisha ndani ya wiki chache kwa karibu wote. Msuli wa upande uliouma ulikuwa umepungua, na kwa wale ambao hawakufanya mazoezi mahususi haukurudi ulivyokuwa. Mtu anarudi kazini, mchezoni, kila mahali, na msuli bado ni mdogo. Walipofuatwa zaidi, matokeo yakachapishwa 2001: ndani ya mwaka mmoja, asilimia 84 ya ambao hawakufanya mazoezi hayo kiuno kilirudi kuuma, na kwa waliofanya ilikuwa asilimia 30. Wewe hukufanya. Ulirudi kwenye magunia.

Kwa hiyo leo jioni utafute msuli huo. Simama wima bila shati. Weka vidole gumba kiunoni, usawa wa mkanda wa suruali, kimoja kila upande wa uti wa mgongo. Usivipeleke nje kwenye ile kamba nene ya msuli unayoiona kwenye kioo. Vibaki ndani, kwenye kishimo kati ya kamba hiyo na mfupa. Sasa uegemee mbele kidogo, mwili wote mzima, ukiinamia kwenye vifundo vya miguu na si kwenye kiuno. Utasikia kitu kinajaa chini ya vidole. Rudi, kinalegea. Fanya polepole ulinganishe kulia na kushoto. Vidole havipimi ukubwa, usije ukaandika kwenye daftari kwamba cha kulia ni kidogo. Unachotafuta ni kujua kilipo na kukisikia kikiamka, maana watu wengi waliowahi kuumwa kiuno hukaza kamba ya nje tu na cha ndani kinalala.

Ukishakisikia, piga magoti na mikono chini, mgongo umelala sawa, na uweke chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya kiuno. Nyosha mkono wa kushoto mbele na mguu wa kulia nyuma, polepole, ukae sekunde kumi ukipumua kawaida. Kisha badilisha. Chupa isianguke. Wiki ya kwanza itaanguka, na itaanguka zaidi upande mmoja. Upande huo uongezee. Ukizoea, hamia kulala chali na kuinua nyonga kwa mguu mmoja, kisha kulala ubavu ukijiinua kwa kiwiko. Hivyo vinakufanya uzuie mwili usijipinde, na hiyo ndiyo kazi kiuno kinayofanya unapokimbia na kupiga krosi.

Zile siti-apu mia mbili achana nazo kwa sasa. Zinafanya kazi upande wa mbele tu, na zaidi ya hapo, anayekuinua pale chini si tumbo peke yake. Ule msuli wa ndani unaoinua paja nao unavuta kwa nguvu, na kwako wa kulia tayari unafanya kazi ya winga. Kinena kinakuuma nikuongezee nini tena?

Kwa paja lenyewe dawa yake inajulikana, ingawa vijana hawaipendi. Piga magoti kwenye nyasi, mwenzako akushike vifundo barabara, kisha ujiangushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani. Zuia kadiri uwezavyo kwa nyuma ya mapaja, mpaka ushindwe ujipokee kwa mikono. Linaitwa zoezi la Nordiki. Timu zinazolifanya kwa uaminifu hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Anza na mara tatu hadi tano, upande hadi saba na kumi kadiri wiki zinavyokwenda. Misuli itauma siku mbili za kwanza, na ndiyo sababu wachezaji huliacha. Usilifanye siku iliyo kabla ya mechi. Na mwenzako asiwe yule anayecheka, akikuachia utaanguka na uso.

Kinena nacho kina zoezi lake, la kulala ubavu mguu wa juu ukiwa umewekwa kwenye benchi, ukajiinua kwa ndani ya paja. Kwa kuwa sasa kinauma, weka goti kwenye benchi badala ya kifundo, na usivuke maumivu madogo. Lakini nijulishe kitu kimoja kwanza: ukikohoa au kuinua gunia, kuna kivimbe kinachotokeza hapo? Kama kipo, hiyo inaweza kuwa ngiri, na ngiri haitibiwi kwa mazoezi. Nenda ukaonwe kabla ya kubeba tena.

MRI usichangie. Kule Australia ilikuwa kifaa cha watafiti. Tuseme upimwe uambiwe msuli wako ni mdogo: ningekupa mazoezi hayohayo. Uambiwe ni mkubwa: ningekupa hayohayo, maana umechanika mara mbili. Pesa hiyo ukiwa nayo, nenda mara chache idara ya fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wazee bado wanaiita PGH, uangaliwe unavyojiinua na unavyokimbia. Kinachoweza kunifanya nikutume kwenye picha ni vitu vingine kabisa. Mguu ukilegea, ganzi ikishika sehemu unayokalia, au mkojo ukishindwa kuuzuia, hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Kiuno kikiuma usiku hata ukilala, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda upimwe, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo nchini. Na kama mna wadogo wa miaka 15 au 16 kwenye timu ambao kiuno kinawauma wakijipinda nyuma, kwa wiki kadhaa, waambie wasikaze meno. Umri huo mfupa wa pingili unaweza kupata ufa kwa kurudiarudia kujipinda, na ufa huo unapona vizuri ukipumzishwa mapema.

Magunia. Mama ana haki ya kuogopa, ila mimi sitakwambia uache kazi. Sheria iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na wewe na mimi tunajua lumbesa bado zinapanda lori. Ukiweza kukataa lumbesa, kataa. Usipoweza, muwe wawili wa kukutwika. Hatari kubwa ni pale unapolipokea likiwa juu na wewe unageuza kiuno huku miguu imebaki palepale. Geuka na miguu. Bega la kushoto lizoeze na magunia mepesi kwanza, asubuhi hiyohiyo, bila haraka.

Jambo la magunia linalonisumbua zaidi ni hesabu ya siku nzima. Unapakua lori kuanzia alfajiri, miguu imechoka, halafu jioni kocha anataka mbio za kasi. Jua siku ambazo lori ni nyingi na siku ambazo ni chache. Mbio za kasi ziwe siku za lori chache. Siku nyingine mazoezi ya mpira ya kawaida yanatosha, na ule kabla ya kwenda, si chai tupu.

Kwa kocha uende kwa heshima. Usimwambie mbele ya wenzako kwamba daktari amesema amekosea, utakaa benchi mpaka Januari. Mfuate baada ya mazoezi mkiwa wawili, umwombe dakika 20 za kupasha misuli kwa timu nzima. FIFA ina mpango wake unaoitwa 11+, uliotoka mwaka 2006. Ni bure, hauhitaji kifaa chochote, na hiyo Nordiki imo ndani pamoja na mazoezi ya kiwiliwili, ya kuruka na ya kusimama kwa mguu mmoja. Mwambie ulijaribiwa Lagos kwa vijana wa kiume wa ligi, na timu zilizoufanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Makocha husikia habari za Lagos haraka kuliko za Ulaya. Ufanywe angalau mara mbili kwa wiki. Timu ikiufanya Jumamosi moja na kuuacha mwezi mzima, hamtaona kitu.

Miezi mitatu inatosha ukianza wiki hii. Mwezi wa kwanza ni chupa, Nordiki na kinena, na kukimbia kusikozidi nusu ya kasi yako. Wa pili uanze kupandisha kasi kidogo kidogo, na ukisikia paja linakaza ushuke hatua moja, usisimame kabisa. Mwezi wa mwisho, lazima uwe umekimbia kwa kasi yako yote mara kadhaa mazoezini, ukiwa mzima na ukiwa umechoka, kabla ya kukanyaga uwanja wa majaribio. Kama hujafika hapo kufikia wiki ya mwisho, omba uonekane siku nyingine. Klabu inayokutaka itakubali.

Na wiki ya majaribio mwambie mwenye lori mapema atafute mtu mwingine wa alfajiri hiyo.